Tiara Ipi Ifaayo Ziwa Nyasa

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliopanda kutoka Kyela na Matema, kando ya Ziwa Nyasa, alfajiri ya leo, walimu, na ninyi vijana mnaosomea utalii ambao mmejaa hadi kwenye ngazi za ukumbi huu, nawashukuru kwa kunialika. Kwa wazee wa Unyakyusa nasema ndaga fijo.

Barua ya mwaliko ilinitaka nijibu swali moja: kati ya tiara za kisasa zinazomvuta mtu juu ya maji akiwa amesimama kwenye ubao, ni ipi iliyo bora? Nilikuwa fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, kabla ya kwenda Paje, Zanzibar, na huko kwa miaka tisa nimeshona tiara za watu, nimebandika viraka, nimebadilisha mirija ya hewa na kufunga upya nyuzi. Sijawahi kushinda mashindano yoyote, na pale Paje wapo vijana wanaoruka vizuri kunizidi mara kumi. Hata hivyo fundi huona mambo ambayo mpandaji hayaoni, kwa sababu tiara huletwa kwake baada ya kuharibika, pamoja na maelezo ya jinsi ilivyoharibika, na mara nyingine pamoja na mwenyewe akichechemea. Kwa hiyo kipimo changu ni cha fundi. Kwanza naangalia jinsi tiara inavyoacha kuvuta, halafu ndipo naangalia jinsi inavyovuta.

Nianze na maneno, maana tukipishana kwenye maneno tutapishana kwenye kila kitu. Tiara ninayoizungumzia ni ndugu mkubwa wa kile kishada cha karatasi na njiti za ufagio tulichorusha utotoni kwenye viwanja vya Soweto na Iyunga. Vijana wa Paje huiita kaiti. Kile kipande anachokishika mpandaji kwa mikono miwili wao hukiita baa, neno ambalo kwetu ni mahali pa kunywea na pia ni balaa. Maana zote mbili nimeziona zikitimia ufukweni, ila leo nitasema fimbo. Nyuzi nne, ambazo kwa kawaida huwa na urefu wa mita 20 hadi 24, huunganisha fimbo na tiara. Mbili za mbele hubeba sehemu kubwa ya mzigo na hushikizwa kwenye mkanda uliofungwa kiunoni, na mbili za nyuma huishia kwenye ncha za fimbo na ndizo za kuongozea. Zile kamba ndogo ndogo zinazotawanyika kutoka nyuzi za mbele hadi kwenye ukingo wa tiara nitaziita hatamu, kama za farasi. Na kile kifaa cha kiunoni ambacho ukikifungua tiara hupoteza nguvu, nitakiita kifyatuo.

Sasa tuone jinsi tiara inavyovuta. Tiara kubwa huvuta kuliko ndogo, hilo halihitaji mwalimu. Jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa ni kwamba nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi yake. Upepo ukitoka kilomita 20 kwa saa ukafika 30, mvuto huwa mara mbili na robo ya ule wa mwanzo, na ukifika 40 huwa mara nne, ingawa tiara ni ile ile na mtu ni yule yule. Zaidi ya hapo, tiara inayotembea angani hujiongezea upepo wake yenyewe. Ikitulia juu ya utosi wa mpandaji huvuta kidogo, lakini ikishushwa kwa kasi mbele yake, pale upepo unapoipiga kifua wazi, huvuta kama ng'ombe aliyekata kamba. Na mpandaji hudhibiti mvuto huo kwa fimbo: akiivuta kwake, ukingo wa nyuma wa tiara hushuka na nguvu huongezeka, akiisukuma mbali, tiara hujilaza kwenye upepo na nguvu hupungua. Inapungua kwa kiasi gani? Hapo ndipo tiara zinapotofautiana, na hapo ndipo mtu anapopona au anapoumia.

Nitoke kidogo nje ya njia kwa ajili ya vijana wa fizikia ninaowaona upande wa kulia. Hapa Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa lipo kwenye mwinuko usiofika mita 500, kwa hiyo upungufu wake ni wa asilimia nne au tano tu. Maana yake ni kwamba tiara iliyokuvuta kwa upole kwenye uwanja wa hapa mjini itakuvuta kwa nguvu zaidi Matema, hata kama kipimo cha upepo kinasoma namba ile ile. Msije mkajipimia nguvu zenu huku juu halafu mkateremka nazo Kyela.

Tiara hizi tunazozijua leo zilianzia Ufaransa. Mwaka 1984 ndugu wawili wa Brittany, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza ya tiara yenye mirija inayojazwa hewa kwa pampu, ili ikianguka majini ielee na iweze kurushwa tena bila kumtafuta mtu wa kuinua. Biashara yenyewe ilikuja kushika kasi mwishoni mwa miaka ya 1990. Tiara za mwanzo zilikuwa na nyuzi mbili tu, na mwenye nyuzi mbili huweza kugeuza kushoto na kulia, lakini hana namna ya kupunguza mvuto akiwa bado ameshika. Likija dhoruba, achague kuachia vyote au kwenda nalo.

Zikafuata zenye nyuzi nne na umbo la nusu duara, ambazo mpandaji anayezitazama kutoka chini huziona kama herufi C, na jina hilo limebaki. Tiara ya C haina hatamu. Nyuzi hufungwa moja kwa moja kwenye pembe zake. Wanaozipenda wanazipenda kwa sababu. Unajua ilipo bila kuangalia juu, mkono unaihisi kama vile hakuna kitu katikati, na inapokupandisha kwa kishindo halafu nyuzi zikalegea kwa nukta moja, mchezaji stadi anapata nafasi ya kuzungusha fimbo nyuma ya mgongo wake. Lakini ukisukuma fimbo hadi mwisho, tiara ya C bado huvuta sehemu kubwa ya nguvu yake, kwani mwili wake uliopinda hauwezi kujilaza wote kwenye upepo. Ikianguka, kuirusha tena ni kazi. Baadhi zina uzi wa tano unaosaidia kuirusha na kuitoa nguvu pale unapofyatua, na kwa hakika zinapofyatuliwa hivyo hutulia vizuri. Ila hadi ufike kwenye kufyatua, huna nafuu ya katikati.

Mageuzi makubwa yalikuja takriban mwaka 2005, na aliyeyaleta alikuwa tena Bruno Legaignoux. Aliinyoosha tiara ikawa bapa zaidi, akaupinda ukingo wa nyuma uingie ndani kama upinde, na akaushikilia ukingo wa mbele kwa hatamu. Matokeo yake ni kwamba fimbo ikisukumwa, tiara nzima huinama na kupoteza karibu mvuto wake wote. Mtu aliyezidiwa na upepo akaiacha tu fimbo mkononi iteleze, tiara humsamehe. Tena saizi moja ikaweza kutumika katika upepo dhaifu na mkali, jambo lililopunguza hamu ya kubeba tiara nne kwenye gari. Mtu wa kilo 75 akiwa na ubao wa kawaida hutumia takriban mita za mraba 12 katika upepo wa kilomita 28 hadi 37 kwa saa. Akiwa na tiara ya upinde, upepo ukizidi hapo bado ana muda wa kurudi ufukweni kwa heshima.

Msiichukue tiara ya upinde kuwa malaika. Hatamu zake za mwanzo zilipita kwenye kapi ndogo, na kapi ikishaingiwa na mchanga haizunguki tena, ikawa msumeno. Nimekata hatamu nyingi zilizobakia nyuzi mbili tatu za ndani, na wenyewe walikuwa wameruka nazo asubuhi ile ile. Hatamu pia hunasa kwenye ncha ya tiara inapoanguka vibaya, na tiara iliyonasa hivyo huweza kuzunguka mfululizo angani huku kila mzunguko ukivuta upya. Ndiyo maana tiara nyingi za leo zimekaa katikati: zina hatamu fupi zisizo na kapi au zenye chache, zina pembe zilizofyekwa kwa nyuma kama bawa la mbayuwayu, na huinuka majini karibu zenyewe ukivuta uzi mmoja wa nyuma. Tiara hiyo ya katikati yenye mbavu tatu za hewa ndiyo ninayomkabidhi mwanafunzi, na ndiyo niliyoiona ikiletwa dukani kwangu kwa nadra kuliko zote, jambo ambalo kwa biashara yangu halikuwa zuri.

Kuna kipimo kingine ambacho wauzaji hukitaja kwa fahari, uwiano wa urefu wa bawa kwa upana wake. Tiara ndefu na nyembamba hukata upepo vizuri, humpandisha mtu dhidi ya upepo kwa pembe kali, na akiruka humweka hewani muda mrefu. Wanaoruka zaidi ya mita 30 kwenda juu hutafuta sifa hizo pamoja na upepo wa kutisha. Ila bawa refu hugeuka kwa ajizi, na mpandaji asiye makini akiiacha imtangulie hadi juu ya kichwa na kumpita nyuma, tiara hukosa upepo, hujikunja na kuanguka kama shuka iliyodondoka kwenye kamba. Tiara fupi na pana haina makuu hayo, na hukaa mahali ulipoiweka.

Upande wa pili kabisa zipo tiara zisizojazwa kwa pampu. Ni mifuko ya kitambaa iliyogawanyika vyumba vyumba, upepo wenyewe ndio unaoijaza kupitia matundu ya mbele, na za majini zina vizuizi vinavyozuia hewa isitoke haraka. Hizi ndizo wafalme wa mbio. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, mbio za tiara zilifanyika Marseille kwa mara ya kwanza katika historia ya michezo hiyo. Ellie Aldridge wa Uingereza akatwaa dhahabu ya wanawake na Valentin Bontus wa Austria ya wanaume, wote wakitumia tiara za vyumba na ubao wenye bawa chini ya maji, vifaa vinavyoweza kuzidi kilomita 60 kwa saa. Hata katika upepo unaotikisa kidogo tu jani la mgomba, tiara hizi husogea. Nilipoziona mara ya kwanza nilikaa mchangani saa nzima bila kushika sindano.

Pamoja na sifa hizo, sizitaki Matema. Tiara ya vyumba ina msitu wa hatamu, ikipinduka majini huweza kujifunga katikati kama tai ya shingoni, na maji yakishapenya ndani inakuwa mzigo. Tiara ya mirija, kwa upande mwingine, ikikushinda kabisa inakuwa chombo. Unakunja nyuzi kwenye fimbo, unaifikia, unajilaza juu ya mrija wake mkubwa, unashika ncha zake zikinge upepo, na inakupeleka nchi kavu. Mahali penye boti ya uokoaji inayozunguka muda wote, tofauti hiyo ni ndogo. Kwenye ufuko ambao msaada wa karibu zaidi ni mvuvi aliyekwisha kuvuta mtumbwi wake mchangani, ni tofauti ya kurudi nyumbani.

Nimeahidi kuzungumzia kifyatuo. Mpangilio wa leo uko hivi: ukikisukuma, fimbo hukimbia juu kando ya nyuzi, na tiara hubaki imeshikwa na uzi mmoja wa mbele pekee kwa njia ya kamba ya usalama iliyofungwa mkandani. Tiara iliyoshikwa hivyo hupepea kama bendera na kushuka. Kamba hiyo nayo ina kifyatuo chake, cha pili, kwa siku ambayo hata bendera hiyo bado inavuta. Mwaka 2020 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa kiwango namba 21853 kinachoweka masharti ya mifumo hii ya kuachia na namna ya kuipima. Ukinunua fimbo iliyotengenezwa kabla ya hapo, muuzaji akuoneshe kwa vitendo inavyofunguka ikiwa imebeba uzito.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo lililotokea mwaka wangu wa nne kule. Shule moja, ambayo sitaitaja, iliniletea tiara ya C iliyochanika, nikaishona, nikairudisha. Siku mbili baadaye wakampa mgeni aliyekuwa na masomo machache tu. Upepo ulipomzidi alisukuma fimbo, na tiara haikupunguza cha maana. Akatafuta kifyatuo. Fimbo aliyoitumia jana yake ilifunguka kwa kusukuma. Hii ilikuwa ya zamani, inafunguka kwa kuvuta, na macho yake yalikuwa yamejaa maji ya chumvi. Alisukuma na kusukuma huku akiburutwa juu ya vigingi vya mashamba ya mwani ya akina mama, hadi tiara ilipoangukia minazini. Alivunjika mtulinga. Tiara ikarudi kwangu ikiwa na mpasuko wa mita mbili, na safari hii nilikifungua kifyatuo: kilikuwa kimekauka kwa chumvi na mchanga kiasi kwamba nilihitaji koleo. Ile mara ya kwanza niliishona tiara bila kukigusa, kwa kuwa sikuombwa kukigusa. Tangu siku hiyo hakuna tiara iliyotoka mikononi mwangu kabla ya kifyatuo chake kuoshwa kwa maji baridi na kujaribiwa, mwenyewe apende asipende kulipia.

Sasa tuteremke Matema. Paje kuna eneo pana lenye maji ya kiunoni, miamba huvunja mawimbi ya bahari mbali na ufuko, na Kusi na Kaskazi huvuma kwa utulivu. Ziwa letu ni kitu kingine. Kina chake kinafika takriban mita 700, na Milima ya Livingstone inaingia majini wima upande wa mashariki bila kuacha nafasi ya kukanyaga. Upepo wa kusini-mashariki ambao wavuvi wa ziwa hili huuita mwera hushika katikati ya mwaka, na kwa kuwa umekuja na ziwa kwa mamia ya kilomita kutoka kusini, hufika kwetu na mawimbi yake. Unavuma kuelekea ufukweni, kwa hiyo hautakupeleka Malawi. Hatari yake ni kukutupa juu ya mitumbwi, miembe na watu. Ukisogea karibu na milima, upepo hukatika na kurudi kwa vipande, na nimeshawaambia upepo ukipanda kwa nusu mvuto unafanya nini. Jioni na usiku hewa iliyopoa juu ya milima huteremka kuelekea ziwani, na huo sasa ndio unaoweza kukusukuma mbali na nchi kavu. Midomo ya mito, hasa Lufilyo, muiachie mamba wenyewe.

Kwa maji ya namna hiyo nataka tiara ya mirija, ya katikati au ya upinde, yenye uwiano mdogo na mbavu tatu, ndogo kwa saizi moja kuliko ile ambayo mtu wa uzito wako angechukua Paje. Utapoteza kidogo katika kupanda dhidi ya upepo na katika urefu wa kuruka. Wale wanaosema kijana akianza na tiara mpole hatakuwa stadi, nimewasikia, na wengi wao nimeshona tiara zao. Siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita mbili katika Ziwa Nyasa, hakuna tiara ya mwanafunzi katika orodha yangu.

Najua wengi wenu mtanunua mitumba, kwa kuwa tiara mpya hugharimu milioni kadhaa na sisi ni watu wa Mwanjelwa, tunajua kuchagua mtumba. Basi ichagueni kama mnavyochagua koti. Kitambaa chake ni poliesta iliyofumwa ili mpasuko usikimbie, na jua ndilo linaloiua: kipya hukwaruza kikikunjwa, kilichochoka hunyamaza kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Kivuteni kwa vidole gumba viwili. Kikitoa matundu kando ya mshono, kirudisheni. Jazeni mirija asubuhi na muiangalie tena jioni ikiwa bado imara, maana gundi ya vali huachia kwenye joto, na safari ya kwenye boneti ya basi kutoka Dar es Salaam inatosha kuiharibu. Pimeni nyuzi nne kwa kuzifunga kwenye msumari mmoja na kuzivuta pamoja: za mbele hurefuka kwa mzigo kuliko za nyuma, na tofauti ya sentimita chache tu huifanya tiara ivute kwa ukaidi au irudi nyuma na kuanguka. Na msikubali tiara ya kampuni moja ifungwe kwenye fimbo ya nyingine kabla fundi hajathibitisha kwamba, ikifyatuliwa, inabaki kwenye uzi mmoja.

Ndugu mwenyekiti, naona umeangalia saa. Mle pembeni nimefunga kamba kwenye kenchi ya ukumbi, na chini yake nimetandika magodoro mawili niliyoazima bwenini. Kiroba cha kilo 50 cha mchele wa Kyela kinaning'inia hapo kwenye kifyatuo, na nitakifyatua kwanza mimi ili muone kinavyoanguka. Baada ya hapo kila anayetaka atavaa mkanda, atajining'iniza kwa uzito wake mwenyewe, nami nitamfunga kitambaa machoni, nitamzungusha mara tatu, na nitahesabu hadi mbili. Waanze waliokaa kwenye ngazi.